Tundu Kwenye Taji la Pampu

Baba yangu hakuandika vipimo popote. Miaka hamsini alivibeba kichwani, na wapenzi wa mapampu ya kale ya petroli walimpigia simu kutoka Nebraska hadi Ohio: Virgil, nina mlango wa pampu hapa, upana wake huu, ni wa asili? Naye, kikombe cha kahawa mkononi, alijibu ndiyo au hapana, akakata simu. Nilimsihi mara mia aandike. Akasema kuandika ni kwa wasiojua. Ukaidi wake huo mpaka leo unanichoma.

Siri yake yenyewe haikuwa kubwa. Mghushi huchukua kipande cha asili, akakigandamiza kwenye mchanga kupata umbo lake, kisha akamimina humo chuma cha moto. Chuma kikipoa hunywea. Kwa hiyo nakala haimfikii mama yake, hata uipake rangi, hata uitie kutu. Hupungua kwa unene wa ukucha tu, lakini hupungua. Baba akiikamata aliitoboa tundu kwa ndani, mwenye mali akiwa amesimama palepale, ili isimdanganye mtu mwingine. Sheria hiyo aliianzisha yeye, na watu waliikubali, hata wale walioondoka wakifuta machozi.

Sasa kilichonywea ni kichwa chake.

Jumanne baada ya chakula nilimkuta bandani ameifungua pampu ya babu. Babu Anton aliinunua mpya mwaka 1924, akaisimamisha mbele ya duka lake. Ni ya aina ile yenye mtungi wa kioo juu: unavuta mkono wa pampu, petroli inapanda, mnunuzi anaiona kwa macho yake kabla haijateremka kwenye gari. Kioo kina vipovu na kimeingia uzambarau kwa jua. Nati zote ni za siku ile ile. Watu wamekuja na malori kuitaka na baba amewafukuza wote, maana pampu nzima ya namna hiyo, isiyobadilishwa hata skrubu, hakuna anayeijua nyingine. Nilikuwa nimejiapiza kuilinda.

Mlango wake wa chini ulikuwa na tundu tayari. Baba alikuwa ameshika taji, lile duara la chuma linalobana kioo kwa juu, na anapitisha rula.

"Bandia," alisema. "Imepungua."

"Baba, hiyo haijawahi kutoka hapa. Ni ya babu."

"Kila mwongo ana babu."

"Uliipima wewe mwenyewe nikiwa mtoto! Ukasema hii ndiyo mama yao."

"Kwani ilitakiwa iwe ngapi?" aliniuliza, kwa upole kabisa.

Hakuna mtu duniani aliyekuwa na jibu hilo ila yeye.

Nilificha drili ya umeme chini ya magunia, nikampigia Duane Pokorny, rafiki yake wa tangu jeshini. Alifika na sahani ya mikate ya plamu kutoka kwa mkewe. Akaligeuza taji, akapapasa chembe za mchanga wa kiwandani zilizogandia kwa nyuma.

"Virgil, mzee wangu, hii ni ya asili. Naweka mkono motoni."

"Nani alikufundisha mambo ya chuma?"

"Wewe."

"Basi nyamaza, mwanafunzi. Na mikate hiyo usiile yote."

Duane alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alinivuta kando. "Lavonne, mnyang'anye tu."

"Nilimnyang'anya mlango wa pampu nyingine juzi. Alilia mpaka asubuhi, anasema kuna wezi wanauza uongo na hakuna wa kuwazuia. Mnyang'anye wewe."

Akatazama kofia yake. Akasema ana ng'ombe wa kulisha, akaondoka. Sikumlaumu, ingawa nilitamani sana kumlaumu mtu.

Niliporudi, baba alikuwa amepata drili ya kuzungusha kwa mkono, sijui kutoka wapi. Taji lilikuwa linateleza mezani. Ncha iliruka, ikamchuna vifundo vya vidole, damu ikadondoka kwenye chuma. Hakuacha. Ikaruka tena. Mikono ile, iliyokuwa ikijua nati gizani, ilikuwa inakosa alama, naye anaitukana kimyakimya kwa Kicheki, lugha ya babu.

Ningeweza kulichukua. Lina uzito gani? Lakini nilimwona anavyoona haya mbele ya kipande cha chuma, nikashindwa. Nilimfunga kidole kwa kitambaa, nikalishika taji kwa mikono miwili, nikaliegemeza tumboni kwangu lisicheze.

"Hapo hapo," alisema. "Usilegeze."

Unga wa chuma ulianza kumwagika, mweusi, mwembamba. Miaka mia ilikuwa inatoka hivi hivi, na mimi ndiye niliyeshika. Katikati ya tundu alipumzika, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Una mikono imara, binti. Nani amekufundisha?"

"Baba yangu. Virgil Hruska."

Uso wote ukamchangamka.

"Wewe wa Virgil? Kumbe! Basi tukimaliza mpelekee alione. Kama nimekosea atakwambia. Huyo hakosei."

Akainama, akaendelea kuzungusha, nami nikashikilia.