Mteja wa Wodi ya Nne

Chama kilikuwa na jina refu kuliko kazi yake. Chama cha Maafisa wa Ustawi wa Jamii Katika Hospitali na Vituo vya Afya, Kanda ya North Rift: bango lilipotundikwa ukumbini, maneno ya mwisho yalipinda kona yakaishia nyuma ya pazia. Watu wa Eldoret hawana muda wa kupoteza. Walikiita Chama tu.

Mwaka huo Chama kilikaa siku mbili katika hoteli moja ya mjini, kikanywa chai mara sita, kikatoka na azimio moja. Kuanzia siku hiyo mgonjwa asiitwe mgonjwa. Neno hilo, alisema Mwenyekiti Munene, linamshusha mtu hadhi. Aitwe mteja.

"Mgonjwa ni mtu aliyeanguka," alisema akiinua kidole. "Mteja ni mtu aliyechagua!"

Wakapiga makofi. Nanyama, mmoja wa maafisa, naye akapiga, huku akiipitia kichwani wodi yake ya wanaume, namba nne, kitanda kwa kitanda, akimtafuta hata mmoja aliyechagua kulala pale.

Mabonga, afisa wa kutoka Moiben, alimwinamia. "Dada, nikimwambia mtu wa kwetu mama yako ni mteja, atadhani simu ya mama imeisha chaji."

Nanyama akacheka ndani ya leso. Kwani nani hajaambiwa na yule mama wa kwenye simu kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa? Hata watoto husema, "Nilikupigia ukawa mteja." Na walaghai wa simu huanzaje? "Mpendwa mteja, laini yako itafungwa leo." Neno lilikuwa na wenyewe kabla Chama hakijaliokota.

Lakini azimio ni azimio. Yakachapishwa maneno ya kumsomea jamaa wa mteja kwenye simu, kurasa mbili, na kila afisa atahiniwe akiyasoma. Asiyefaulu hapati cheti, na asiye na cheti haongezewi mkataba. Mkataba wa Nanyama ulikuwa unaisha Juni.

Ndiyo sababu asubuhi ile Mzee Ondiek alipoanza kuishiwa na pumzi, ofisini kwa Nanyama alikuwa ameketi mtahini wa Chama.

Mzee Ondiek alikuwa seremala. Alitoka ziwani akiwa kijana, na kwa miaka arobaini alitengeneza milango na vitanda vya watu wa Moiben. Wiki tatu wodini hakuna aliyemtembelea. Alikuwa na binti mmoja, Amolo, mwenye duka la kutoa kopi karibu na lango la chuo kikuu kule Chepkoilel, nusu saa tu kwa bodaboda. Hawakuwa wakisemezana. Mkewe alipokufa, mzee alimzika kwenye makaburi ya mjini; binti alitaka mama arudishwe nyumbani ziwani kama ilivyo desturi yao. Tangu siku ile, miaka mitatu, kimya.

Kila siku Nanyama alimwomba nambari ya binti, na kila siku mzee aligeukia ukuta. Asubuhi hiyo akaomba aletewe redio yake ya kijani. Akafungua mgongo wake, palipo betri, akatoa kikaratasi.

"Mwite aje, nyara," alisema. Alizoea kumwita hivyo, binti yangu, kwa lugha ya kwao. "Nina neno la kumwambia."

"Niambie mimi, Mzee, nimfikishie."

"Hapana. Neno kama hili halitumwi. Aje alichukue mwenyewe."

Sista wa zamu alimvuta Nanyama kando. "Kama utapiga, piga sasa. Huyu saa sita haimkuti."

Nanyama akakimbia ofisini kwenye simu ya hospitali. Mtahini, Purity, msichana nadhifu mwenye saa ya kupimia muda, akafurahi sana.

"Sawa sawa, madam! Simu ya kweli, nitakutahini nayo. Usiruke hata neno."

Nanyama aliitazama karatasi. Akamfikiria mzee. Halafu, na hili hakulisahau, akafikiria Juni. Akasoma.

"Habari ya asubuhi. Ninaitwa Afisa Nanyama, mwanachama wa Chama cha Maafisa wa Ustawi wa Jamii Katika Hospitali na Vituo vya Afya, Kanda ya North Rift. Ninapiga kuhusu mteja wetu..."

"Mteja gani? Mimi sijaomba mkopo."

"Mteja wetu mpendwa angependa kukushirikisha..."

"Aha! Mpendwa mteja! Nyinyi matapeli wa simu wa huko jela hamchoki? Jana mlikuwa wa laini, leo mmekuwa wa hospitali? Shindwe!"

Simu ikakatwa. Purity akatia alama. "Sauti yako ina upole. Rudia, wanakubali mara tatu."

Mara ya pili Nanyama alifika ukurasa wa pili. Pale iliamriwa kwamba, kwa kulinda siri ya mteja, jina lake lisitajwe mpaka jamaa athibitishe nambari ya kitambulisho.

"Kitambulisho?" Amolo alicheka kicheko kikavu. "Na PIN je, nikutajie au nikuandikie?"

Mara ya tatu simu haikuita. Amolo alikuwa ameifungia nambari ile.

"Purity, wacha nimwambie tu ni babake."

"Madam, hiyo ni kuvunja siri ya mteja. Labda Mwenyekiti aruhusu."

Nanyama akampigia Mwenyekiti. Mama wa kwenye simu akapokea kwa adabu zote: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Ikabaki sehemu ya mwisho ya mtihani, inayoitwa Tafakari. Afisa anaulizwa alijisikiaje. Nanyama alitafakari dakika arobaini kwa saa ya Purity. Alipomaliza alikwenda mbio wodini, akachukua simu ya sista, akapiga akiwa amesimama kando ya kitanda.

"Amolo, usikate. Naitwa Nanyama. Niko na baba yako hapa wodini. Nambari yako alikuwa ameificha ndani ya redio, kwa betri."

"Redio gani?"

"Ya kijani."

"Nakuja."

Alifika na wino mweusi wa mashine kwenye vidole, kofia ya bodaboda bado kichwani. Mzee alikuwa amekata roho dakika kumi kabla. Amolo aliushika mkono wake, ule wenye kidole kilichokatwa na msumeno zamani, na hakumuuliza mtu kitu. Alipoondoka alibeba redio.

Chama kilimpa Nanyama alama tisini na sita. Nne zilikatwa kwa kutumia simu isiyoidhinishwa. Kwenye mkutano wa mwaka akaitwa jukwaani: Afisa Bora wa Mawasiliano na Wateja. Mwenyekiti akasoma kwamba jamaa alitafutwa mara tatu kwa mujibu wa mwongozo, na mteja akaondoka kwenye huduma bila malalamiko.

"Sema neno, Afisa."

Nanyama akatoa simu yake, yenye nambari ambayo jamaa wa Munene hawaijui, akamnyooshea. "Mwenyekiti, nina ombi moja. Mpigie mtu wako wa nyumbani kwa simu hii, umsomee karatasi yetu. Tujifunze."

Ukumbi ukapiga meza. Munene akatabasamu, akabonyeza nambari ya mamake, Mama Wahu, akafungua spika, akatengeneza sauti ya jukwaani.

"Habari ya asubuhi. Ninapiga kuhusu mteja wetu mpendwa..."

"Mwizi!" Mama Wahu alijibu, wote wakasikia. "Una sauti ya mtu ameshiba na bado unaibia wazee? Kwani huna mama?"

Tii, simu ikakatwa. Mabonga alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti alisema mtandao ni mbaya, kisha ikaundwa kamati.

Nanyama hakucheka. Kesho yake alikwenda Chepkoilel, dukani kwa Amolo. Kwenye karatasi ile alikuwa amekata kila "mteja" kwa kalamu, juu yake akaandika: baba yako, mama yako, mtu wako.

"Nitolee kopi thelathini."

Amolo aliisoma yote. "Hii ndiyo ulinisomea?"

"Ndiyo."

"Na ulijua ni baba yangu? Tangu simu ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

Mashine ikaunguruma, mwanga wake ukienda na kurudi. Nanyama akasema lililobaki. "Alikuwa na neno lako. Nilimwomba anipe nikuletee, akakataa. Alisema uje ulichukue mwenyewe."

Amolo alizihesabu kopi thelathini akampa. Ile karatasi yenyewe, yenye mikato ya kalamu, hakuirudisha. Aliikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, ikawa ndogo kama kidole. Akashusha redio ya kijani kutoka rafuni, akafungua mgongo wake, akaiweka palipo betri.