Mparachichi Uliogoma Kufa

Nyuma ya bweni letu kulikuwa na uwanja wa mchanga usioshika hata mate. Mara mbili mtunza bustani wa shule alipanda miti pale, mara mbili ikakauka. Mwalimu mkuu akamwambia mbele yetu sote, tukiwa mstarini: "Ikifa na ya safari hii, mzee, unafungasha."

Mzee huyo tulimwita Daktari, kwa kuwa alishika majani ya miche kama mama anayempima mwanawe homa. Safari hii hakutaka kubahatisha. Alijaza mchanga ule ule kwenye makopo, akapanda mwarobaini, mkorosho, mgunga na, kwa kuwa kopo moja lilibaki, mparachichi. Kisha akatangaza: siku ishirini na moja bila tone. Utakaosimama ndio utakaopandwa.

"Mchanga hausemi uongo, wajukuu."

Kweli, mchanga hausemi. Kila asubuhi, mimi na mwenzangu Kijiko tulinawa uso kwa uchaji, kisha tukaupelekea mparachichi kikombe cha maji. Mingine tuliipa maji ya chumvi, isije ikalalamika kwamba imesahauliwa.

Siku ya ishirini na moja tulimkuta Daktari amepiga magoti. Mwarobaini ulikuwa kijiti. Mparachichi uling'aa kama kipara kilichopakwa mafuta.

"Shikamoo, Babu. Miche inasemaje?"

"Marahaba. Miaka thelathini, sijaona kitu kama hiki."

"Si ulisema utakaosimama?" Kijiko akamkumbusha kwa upole wa shemasi.

"Nilisema. Moyo unakataa, lakini nilisema."

Akapanda miparachichi sitini. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Tuliporudi kutoka likizo, vijiti sitini vilikuwa vimejipanga uwanjani kwa nidhamu kutushinda sisi.

Mwalimu mkuu ni mtu wa ahadi. Mimi, kwa sauti yangu nzuri, niliteuliwa kusoma hotuba ya kumuaga mzee. Niligusia uaminifu, mara nne.

Getini Daktari aliweka begi chini, akanikabidhi lile kopo la jaribio, mparachichi wake ukiwa bado mbichi.

"Ninyi ndio mliokuwa mnakuja kuutazama. Tangu siku ile nimekuwa nikiudekeza kwa maji, lakini mmeona wenyewe, hauyahitaji. Mniangalizie."

"Usiwe na shaka, Babu."

Kwa heshima yake hatukuupa hata tone. Ulikufa siku ya sita.