Vyungu vya Tabaka la Juu

Msimamizi wa chumba cha vyungu pale makumbusho alikuwa mwanamke asiyeogopa mtu, isipokuwa baba mkwe wake. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha akiolojia chuoni kabla hajaolewa na mwanawe, na ndiye aliyeuchimba ule mji wa kale ambao vigae vyake vilijaa kabatini. Bango alilolitunga ujanani bado lilikuwa ukutani: wavamizi walikuja, wakauchoma mji, wakaleta vyungu vyao vya mistari.

Sasa bango lilitakiwa kubadilishwa, na msimamizi huyu ndiye aliyeandika jipya.

"Mwambie baba wewe," alimsihi mumewe.

"Mimi ni fundi umeme. Mambo ya wafu malizaneni wenyewe."

Basi akapiga moyo konde, akamwalika mzee. Akamkalisha mezani karibu na dirisha, akamwekea vigae viwili: kimoja cha tabaka la chini la machimbo, la kale zaidi, kisicho na pambo, kingine cha juu, chenye mistari.

"Baba, hebu pitisha kidole kwa ndani."

Mzee akapitisha. Akarudia. Vyote viwili vilifinyangwa namna ileile, vidole vikivutwa kuelekea kushoto.

"Na udongo?"

"Tumeupima. Umetoka bonde lilelile."

Mzee akavirudisha vigae mezani. Enzi zake, alisema, hakuna aliyehangaika: chungu kipya, watu wapya. Baadaye wakaja wenzake wa vipimo na hesabu, wakasema kila badiliko lilitokana na mvua na mavuno. "Nanyi mnaanza na mkono wa mfinyanzi."

"Tunaanza na mtu, baba. Nadhani waliofinyanga hivi vya mistari ni mabinti wa wafinyanzi walewale wa kwanza. Walibadili pambo, basi."

"Na moto je? Majivu niliyaona kwa macho yangu."

"Majivu yapo. Ila ulichimba nyumba moja. Sisi tumechimba za jirani, hatukuona hata kipande cha mkaa."

Mzee akavua miwani, mabega yakaanza kutikisika. Msimamizi alidhani analia, kumbe anacheka.

"Mtu kaunguza jiko lake, mimi nikateketeza mji mzima!"

Wakacheka wote mpaka machozi. Kisha mzee akavaa miwani, akalivuta bango jipya, akalisoma taratibu.

"Umeandika mistari ni alama ya ukoo. Umeipata wapi hiyo?"

Msimamizi akaisoma tena sentensi hiyo. Hakuwa na ushahidi wowote wa hilo. Siku hizi kila mwanaakiolojia huandika hivyo.

"Mimi niliona wavamizi kila mahali kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa," mzee alisema kwa upole. "Wewe nawe usije ukaona ukoo kila mahali, mwanangu."

Msimamizi alihisi uso unapata moto, lakini hakubisha. Akachukua kalamu, akaifuta sentensi ile, akaandika juu yake: *Kwa nini walianza kuchora mistari, bado hatujui.*

Mzee akaisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, nipe droo inayofuata," akasema, huku akikunja mikono ya shati.