Ganzi Mkononi mwa Mama

Dakta Zuhurah alikuwa ametumia miaka yake yote ya kazi kuchunguza jinsi ubongo unavyotambua mguso. Sasa kiharusi kilikuwa kimeutia ganzi mkono wa mama yake, Asiya, na tangu Zuhurah alipofika kwake Koboko kutoka mjini Arua hakutulia. Kila mara alimfumbisha mama macho, akampitishia brashi laini kiganjani.

"Unasikia?"

"Hapana."

Jioni alijaribu tena. Kabla hajagusa, mama akasema, "Sasa nasikia."

Zuhurah akaishusha brashi. "Mama, bado sijakugusa."

Asiya akafumbua macho. "Nilitaka tu upumzike. Tangu asubuhi wewe iko nazunguka. Kaa chini, mtoto yangu."

Zuhurah akakaa, akaushika ule mkono, ingawa miguu yake bado haikutulia.