Jeki ya Kijani

Teksi ilikuwa imeshaanza kutembea, mlango haujafungwa sawasawa, na binti bado anaongea. Mtaa mzima ulimwita Redio, maana tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kumzima. Akatoa kichwa dirishani.

"Baba! Spika uziweke kwenye jeki ya kijani! Kule nyuma! Umesikia? Ya kijani!"

"Nimesikia mwanangu, nenda, utachelewa!"

Teksi ikakata kona. Fundi, baba yake, akabaki anapunga mkono. Leo Redio anatangaza mpira kwa mara ya kwanza, mechi nzima, na kituo chenyewe kinarusha kwenye intaneti tu. Na leo Mama Redio lazima amsikie. Masikio yake yalianza kufifia binti akiwa bado shule ya msingi. Kwenye simu anaambulia mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi. Miaka yote anaambiwa binti yako ana sauti, naye anaitikia kwa kichwa tu, kwa adabu. Ndiyo maana Redio alileta spika mbili kubwa, pamoja na hedfoni za kufunika sikio zima. Kituo alishakifungua kwenye kompyuta ya sebuleni; muda wa kuziunganisha ndio uliokosekana.

Sasa, Fundi alizeekea gereji. Ukimtajia jeki, yeye anaijua moja tu: ile ya kunyanyulia gari. Na ya kwake, bahati iliyoje, ilikuwa ya kijani, na ilikaa nyuma, stoo. Ajabu iko wapi? Akaikokota mpaka sebuleni, akalaza ubao juu yake, akapandisha spika moja juu ya ubao, akapampu mpaka spika ikalingana na sikio la mkewe.

Shemeji yake akaingia. Huyu ni kaka mdogo wa Mama Redio, kinyozi, mtu wa maneno mengi. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, hiyo spika imepata pancha?"

"Mtoto kasema iwekwe kwenye jeki."

"Na tairi la akiba liko wapi?"

"Cheka wewe. Sauti ikiwa chini itafikaje masikioni? Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyesoma."

Akachomeka spika kwenye umeme. Taa nyekundu ikawaka. Kimya. Kwenye kioo cha kompyuta dakika za mchezo zilikuwa zinakimbia; mpira umeshaanza.

"Ameanza?" aliuliza Mama Redio kwa sauti ya kuamsha jirani. Alikuwa amekaa wima, kavaa nguo yake ya kutokea.

Fundi akamwonyesha kwa vidole: bado kidogo. Uongo huo ulimchoma. Akampigia binti. Simu imezimwa, na ndivyo inavyotakiwa kwa mtu anayetangaza.

Shemeji akashika waya mwembamba uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye spika. Ncha yake ilikuwa pini ya chuma, shingo ya kijani.

"Na huu mkia ni wa nini?"

Fundi akaukodolea macho. Kijani. "Huo unaingia mahali! Nyuma! Mtoto alisema nyuma!"

Boksi la kompyuta lilikuwa limetiwa ndani ya kabati zito la mbao lililo wazi nyuma, mgongo umeuelekea ukuta. Wakalisukuma kabati. Likagoma. Wakalisukuma tena, Shemeji akatoa mlio usiomfaa mwanamume.

"Teremsha hiyo spika!" Fundi akasema. Akaichomoa jeki, akaitia chini ya kabati, akapampu. Upande mmoja ukanyanyuka, akapitisha blanketi chini, akashusha. Sasa kabati liliteleza kama lina magurudumu. Shemeji akazamisha kichwa nyuma yake na tochi ya simu.

"Kuna vitundu vitatu. Buluu, pinki, na... shemeji! Kuna cha kijani!"

"Hicho hicho! Kumbe jeki ni kitundu! Chomeka!"

Sauti ikalipuka, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"...anamgeuza beki, anamgeuza tena, jamani, huyu beki ana nauli ya kurudi?"

Wanaume wawili wakakumbatiana. Mama Redio akaweka kiganja juu ya spika, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Napata ngurumo. Maneno siyapati."

Fundi akakumbuka hedfoni. Mbele ya boksi kulikuwa na kitundu kidogo kilichochorwa alama ya hedfoni. Akamvalisha mkewe, akachomeka. Papo hapo spika zikanyamaza.

"Umeziua!" Shemeji alipiga ukelele. "Na imekuwa penalti! Kasema penalti! Chomoa!"

"Usiguse!" Fundi akampiga kibao mkononi.

Maana Mama Redio alikuwa ametoa macho, amezishika hedfoni kwa mikono miwili kama anayezuia zisiruke.

"Ni mwanangu," alisema. "Anavuta pumzi kwanza ndiyo anasema. Kama mimi. Kumbe anavuta pumzi kama mimi!"

Shemeji akaruka mbele yake, akapiga teke hewani, akanyoosha mikono: vipi, vipi? Dada mtu akaelewa.

"Tulieni! Anaweka mpira chini. Kipa anachezacheza kwenye mstari kama ana siafu miguuni. Refa kapuliza. Anakuja... anakuja..."

Akanyamaza, mdomo wazi. Shemeji akapiga magoti sakafuni.

"Dada, utaniua!"

"Gooooo!" Mama Redio alisimama, waya ukakaza, Fundi akalidaka boksi. "Kona ya juu! Kipa kaenda sokoni, mpira umeenda nyumbani! Hivyo ndivyo anavyosema mwanangu!"

Wakasikiliza mechi nzima namna hiyo, kupitia mdomo wake, na hakuna aliyeomba spika tena.

Timu iliyopata penalti ilifungwa mwishowe mbili kwa moja. Redio aliajiriwa msimu uliofuata, akahamia mji mwingine. Shemeji alifungua saluni kubwa zaidi, ikafungwa, akarudi kwenye ile ya zamani. Fundi aliumwa mgongo kwa sababu ya kabati, akapona. Mama Redio alimsikiliza binti yake misimu kadhaa, kisha masikio yakafunga kabisa.