Okbun Mara Kumi na Moja

Kwetu Wakorea mtoto hatamki ovyo jina la mama yake. Mimi nililiiba kabisa. Katika hadithi yangu ya watoto kuna msichana anayelea viwavi wa hariri wa malkia, Korea ya miaka mia nne iliyopita, nami nilimwita Okbun. Mama hakusema kitu, ila wanakwaya wote wa kanisa letu hapa Chicago walishapata habari, basi nikajua ameridhika.

Jumatatu muswada ukarudi kutoka kwa mhariri wangu wa New York. Ni mwanamke mwema, lakini kalamu yake haina breki. Sura ya kwanza nzima, kila penye jina lile, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Okbun? Watoto watajikwaa. Tumwite Lili?"

Nami, sifichi, nilikubali. Nilikuwa nimekataliwa na wachapishaji miaka sita. Kwa kitabu kimoja tu ningemwita hata Bata. Nikaandika barua ya kukubali, nikaiacha mezani, nikaenda kupokea simu.

Niliporudi, mama alikuwa ameshika kurasa zangu.

"Huyu mwanamke nimemkosea nini?"

"Mama, hiyo ni kalamu ya kazi tu. Wao husahihisha kwa nyekundu."

"Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa nyekundu! Wino huo ni wa marehemu. Ameniua mara kumi na moja, nimehesabu. Ndiyo maana magoti yananiuma!"

"Yanakuuma tangu mwaka juzi."

"Alikuwa anajiandaa!"

Nilicheka. Kisha akaiona barua. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, nami nikatamani ardhi ipasuke.

"Kumbe yeye kaniua tu," akasema. "Wa kunizika ni wewe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama akavaa miwani, akachukua kalamu nyeusi, na juu ya kila Okbun jekundu akaandika Okbun kwa herufi zetu, akikandamiza mpaka meza ikapata alama.

"Kumi na moja. Sasa niko hai. Mwambie aje anitoe."

Nikaichana barua. Kurasa nikazitia kwenye bahasha vilevile zilivyo, pamoja na mstari mmoja: "Jina linabaki. Watoto watajikwaa, watainuka."

Tulikwenda posta kwa miguu, theluji ikianguka. Mama, na magoti yake yale, alinitangulia.