Kijani Kilichovuka Mstari

Mwombaji wa kibali cha ujenzi aligonga meza. "Mama, kiwanja kimekaa bure miaka nenda miaka rudi! Maduka yangu yatamdhuru nani?"

Afisa wa mipango miji alikunjua ramani ya zamani ya mji, iliyopakwa rangi kwa mkono: manjano nyumba, nyekundu maduka, kijani viwanja vya wazi. Baba yake, naye afisa wa mipango miji enzi zake, ndiye aliyeichora, nyumbani, kwenye meza ya chakula. Jioni moja mzee alikwenda kuchemsha chai, na yeye, binti wa miaka sita, akanyakua penseli ya kijani akapaka palipotakiwa pawe pekundu. Mzee aliporudi alishika kiuno, akaitazama karatasi weee, kisha akacheka.

"Haya mwanangu, umeshapanga mji."

Akaenda kukipigania kijani hicho kwenye kikao cha halmashauri mpaka kikapitishwa.

Sasa kelele za watoto waliokuwa wakicheza kwenye kiwanja hicho hicho zilifika mpaka dirishani.

"Kwani nani aliamua pawe wazi?" mwombaji alifoka.

"Mpango," afisa alisema, akagonga muhuri wa kukataa, huku kidole chake kimefunika pale rangi ilipovuka mstari.